Bei ya Mwisho ya Ufalme wa Baba

Shangazi yangu hajawahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Sisemi hivyo kwa kumsifu wala kwa kumsema. Nasema kwa sababu hilo ndilo lililotufikisha pale tulipofika, na mpaka leo nikiulizwa kosa lilikuwa la nani naanza kujibu vizuri tu, halafu jibu linanipotea katikati.

Anauza vifungo, zipu, nyuzi, mipira ya viuno na ndoano ndogo za sketi. Kibanda chake kiko mwisho wa safu ya mafundi cherehani, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, na vitu vimening'inizwa humo mpaka mteja mrefu analazimika kuinama. Mtu akifika na kitambaa mkononi, Shangazi hamwulizi anataka nini. Anakisugua kitambaa kwa kidole gumba, anageuka, anatoa vifungo vya rangi ambayo mwenyewe hakuifikiria, na hivyo hivyo ndivyo vitakavyonunuliwa. Zipu anaijaribu karibu na sikio. Ikilia vibaya anairudisha kwa muuzaji wa jumla, na muuzaji wa jumla anaipokea bila ubishi, maana akibisha atapewa maneno mpaka wateja wake wengine wajiondokee.

Safu nzima inamwita Bei ya Mwisho. Ukimwuliza yeye bei ya mwisho, hana. Ukimtajia wewe, haikubali. Akitaka kitu, kwanza anakishika kama kinanuka. Pili anaulizia kitu kingine kabisa. Tatu, hapo ndipo penye kazi, anageuka na kuondoka, taratibu, bila kutazama nyuma, na muuzaji atamwita kabla hajafika kwa fundi viatu. Nimeliona hilo tangu utotoni. Sare zangu za shule, godoro langu, kabati la sebuleni, hata jeneza la babu mzaa mama, vyote vilinunuliwa kwa mgongo.

Baba ni mdogo wake wa mwisho. Wazazi wao walipofariki Shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa vifungo hivyohivyo, mpaka Baba akawa mchora ramani katika ofisi ya ardhi. Alichora mipaka ya watu maisha yake yote. Alipostaafu akarudi nyumbani na mkono uliozoea kalamu, na nyumbani hapakuwa na mpaka wa kuchora. Ndipo akaanza mchezo.

Ni mchezo wa kompyuta wa kujenga dola. Unapewa kijiji kimoja na watu wachache wenye njaa, na shauri lote ni lako: ulime wapi, ujenge nini, upatane na nani, upigane na nani. Hauna haraka. Unafanya uamuzi wako, kisha majirani, ambao ni kompyuta yenyewe, nao wanafanya wao. Baba aliuendesha ufalme wake kwa miaka sita na hakuanzisha vita hata moja. Alikuwa ananunua ardhi, anajenga barabara, anaoza mabinti wa kifalme kwa wafalme wa jirani, na mpaka wake unasogea kidogokidogo kuelekea baharini. Kila baada ya chakula cha mchana alikaa hapo, miwani puani, chai pembeni imepoa, na ukimwuliza jambo la nyumbani alijibu, 'Subiri kwanza, kuna mjumbe amekuja.'

Kisha yakaja macho. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekwisha kula mishipa na kilicholiwa hakirudi. Matone yangepunguza mwendo wake, yasingeusimamisha. Halafu yule daktari, ambaye nadhani alikuwa amechoka siku ile, akasema, 'Mzee, kama kuna kitu unapenda kukitazama, kitazame.'

Baba hakulia wala hakunung'unika. Njiani kurudi aliniambia kwamba ufalme wake umefika pwani wiki ileile, bandari inajengwa, na anachotaka ni kuiona meli yake ya kwanza ikiingia majini. 'Nikishaiona hiyo, basi,' alisema. 'Yakizima na yazime.' Nilitaka kumwambia asiseme hivyo, lakini nikajifanya naangalia barabara.

Hazikupita siku nyingi, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na ndiyo ikawa kwaheri yake.

Tulinunua nyingine iliyotumika, Shangazi akaichukua kwa mgongo kama kawaida yake. Fundi kompyuta alifanikiwa kuliokoa faili la ufalme kutoka kwenye ile iliyoungua, akaliweka kwenye flashi. Mchezo wenyewe hakuwa nao. Ule wa zamani alituwekea fundi mwingine kwa kuunakili, kama walivyofanya mafundi wote enzi zile, na sisi hatukujua wala hatukuuliza. Huyu wa sasa alisema yeye hanakili, kwamba mchezo unauzwa mtandaoni, ni halali na ni rahisi. Kweli, nikauona una punguzo, bei yake kama soda mbili. Nikalipa kwa kadi yangu na kujiona mjanja.

Baba akachomeka flashi, akafungua ufalme. Ukagoma. Kukatokea maandishi kwamba ufalme huu unahitaji sehemu za ziada tisa ambazo mnunuzi hana: sehemu ya bahari na meli, sehemu ya mabalozi na ndoa, sehemu ya barabara, na nyingine ambazo sikuelewa hata majina yake. Kila moja inauzwa peke yake. Ile ya bahari peke yake ilikuwa ghali kuliko mchezo mzima mara kumi.

Baba alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nikamsomea.

'Kwa hiyo zamani nilikuwa nazo zote?' aliuliza.

'Ulikuwa nazo, Baba. Zilikuja na ile nakala.'

'Na sikuwa nimelipa?'

'Hukulipa.'

'Na sasa nimelipa, sina.'

'Ndivyo ilivyo.'

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. 'Haya,' alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaelewa lakini ana adabu.

Ningelipa mwenyewe. Napokea simu katika kampuni ya mabomba, mshahara wangu si wa kutambia watu, lakini kidogokidogo ningefika. Ila Shangazi alikuwa amekaa nyuma yetu anapanga vifungo kwenye kadi zake, na alisema bila kuinua kichwa, 'Hiyo niachieni mimi. Ni zawadi yangu kwa macho ya mdogo wangu.' Nyumbani kwetu akisema hivyo, jambo limekwisha. Nilimtazama Baba, naye akanionyesha kwa mkono ninyamaze.

Jumapili iliyofuata aliketi kando yangu mbele ya kompyuta, amejifunga kitambaa kichwani kama anakwenda kwa muuzaji wa jumla. Nikafungua duka la mtandaoni. Aliangalia zile picha kwa muda, midomo ameibana.

'Hii ya bahari,' alisema, 'zimebaki ngapi?'

'Haziishi, Shangazi.'

'Haziishi vipi? Mzigo gani hauishi?'

'Si mzigo. Wameitengeneza mara moja, kila anayelipa anapewa ya kwake.'

'Wameshona mara moja, wanauza milele?'

'Ndiyo.'

'Haiozi? Hailiwi na nondo? Haina kodi ya kibanda?'

'Haina.'

'Sasa punguzo la nini?' Alinigeukia kabisa. 'Mimi nikishusha bei ni kwamba kitu kimepauka, au fasheni imepita, au nina shida ya hela. Huyu hana hata moja. Kwa nini leo anashusha na kesho anapandisha?'

Nina cheti cha biashara, kipo kwenye fremu sebuleni, na hakikunisaidia chochote.

'Na kwa nini ameuza suruali bila zipu?' aliendelea. 'Hata mimi nauza zipu peke yake, lakini aliyenunua suruali anajua amenunua suruali. Hii ya kwetu mbele iko wazi.'

Nikamweleza kwamba mchezo unachezeka bila hizo sehemu ukianza upya. Ni ufalme wa Baba tu usiofunguka, kwa sababu ulijengwa nazo. Akatikisa kichwa polepole. Halafu matangazo yakapita juu ya kioo, mekundu, yanawaka na kuzima, na uso wake ukachangamka.

'Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,' alisema. 'Mwone anavyojitembeza. Huyu ana shida ya wateja. Kuna namna ya kumwonyesha kwamba tumevipenda?'

'Unaweka alama ya moyo.'

'Weka. Vyote tisa. Sasa funga, tuondoke.'

'Tuondoke wapi?'

'Tuondoke. Usirudi huko kuchungulia, atatuona tunazungukazunguka. Ngoja atuite.'

Nilijaribu kumwambia kwamba hapo hapana mtu, kwamba upande wa pili hakuna muuzaji anayemwona akigeuka. Alinipigapiga begani kwa huruma, kama mtu anayeambiwa na mtoto kwamba jua limelala.

Na mimi ningekuwa nimeshinda ubishi ule, kama isingekuwa ile barua pepe. Ilikuja baada ya wiki chache, nikiwa kazini. Ilinitaja kwa jina langu. Ilisema kitu nilichokipenda kimeshuka bei na kwamba nisikose. Kilikuwa kimoja tu kati ya vile tisa, mavazi mapya ya walinzi wa mfalme, kimeshuka kidogo sana. Nilimsomea Shangazi nikiwa mlangoni, hata viatu sijavua.

Alicheka mpaka akakaa chini. 'Ametuita,' alisema. 'Si nilikwambia? Na bado hatujafika kwa fundi viatu.'

'Ninunue hicho kimoja?'

'Ukimkimbilia sasa ataona tuna njaa. Ametoa cha kuonjesha. Acha aongeze.'

Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuchanganyikiwa kweli, maana siku ile, kwa muda mfupi, niliamini anaujua ukweli ambao mimi siujui.

Punguzo lile likaisha. Halafu, bila barua, bila salamu, bei ya sehemu ya bahari ikapanda. Nilimwonyesha. Alitazama namba, akanitazama mimi, akarudi kwenye namba.

'Kimekaa mwezi mzima,' alisema. 'Sisi hatujakigusa. Kimezeeka. Na kimepanda.'

'Kimepanda.'

'Huyu mtu ana wazimu au ana kiburi?'

'Shangazi, huyu mtu hajui hata kama tupo.'

'Mbona alikuandikia kwa jina lako?'

Nilisema ni mashine. Akauliza mashine imelijuaje jina langu. Nikasema nililiandika mwenyewe nilipojisajili. Akasema, 'Basi umejitambulisha kwa muuzaji kabla ya kuuliza bei,' na ikaonekana kosa ni langu.

Mambo yaliyofuata sina hakika kama nayasimulia kwa mpangilio wake. Binamu yangu anayeishi nchi nyingine alifungua duka lilelile, siku ileile, akakuta bei nyingine. 'Bidhaa moja, kibanda kimoja, watu wawili, bei mbili,' Shangazi alisema. 'Hata mimi nafanya hivyo. Lakini mimi kwanza natazama viatu vya mtu.' Kisha nikagundua kuna furushi lenye sehemu zote tisa pamoja na mchezo wenyewe, na furushi lote lilikuwa rahisi kuliko sehemu nne zikinunuliwa mojamoja. Nilipoingia kwa jina langu, furushi likapungua tena, kwa kuwa mchezo tayari tunao. Tuliongeza na kutoa mpaka karatasi ikajaa, na kila tulipojumlisha tulipata jibu tofauti. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi madogo, nikakuta kwamba mtu anaweza pia kulipia sehemu zote kwa mwezi, kwa hela kidogo tu.

'Kupanga?' Shangazi aliuliza. 'Apange kwenye ufalme wake mwenyewe?'

'Mwezi mmoja tu. Aione hiyo meli.'

'Na mwezi ukiisha?'

'Unafungwa.'

'Na vitu vyake vimo ndani?'

'Vimo.'

'Mwenye nyumba wa namna hiyo namjua. Nimewahi kupanga kwake,' alisema, na hakutaka kulisikia tena.

Wakati huo wote macho ya Baba hayakuwa yanangoja punguzo. Alianza kugonga bega la kushoto kwenye fremu za milango. Mezani alikuwa anageuza shingo nzima kutafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Gazeti aliacha kulisoma, akasema habari zenyewe zinarudiarudia. Nilikuwa naona, na nilikuwa nakasirika, na hasira yangu haikujua imwendee nani. Siku moja nilimfuata chumbani kwake nikamwambia nitalipia kwa siri, huo mwezi mmoja, Shangazi hatajua.

Alikuwa amekaa kitandani, anajitia matone, jicho limeelekezwa darini.

'Atajua,' alisema. 'Na akijua umenunua kwa bei ya kutajwa ataumwa. Usimvunje moyo. Hajawahi kushindwa kwenye bei tangu mimi ni mtoto.'

'Baba, na wewe je?'

'Mimi ni mchora ramani. Najua pwani ile ilivyo, hata nikifumba macho.' Tone likamtiririka shavuni, akalifuta. 'Tungoje kidogo.'

Nilitoka pale nimechemka, nikaenda moja kwa moja kibandani. Mafundi cherehani walinyamazisha mashine zao ili wasikie vizuri. Nilimwambia Shangazi ngoja ngoja huumiza matumbo. Akaniambia haraka haraka haina baraka. Nilimwambia macho ya Baba hayapo kwenye duka lolote. Nadhani nilipaza sauti, maana mteja aliyekuwa anachagua mpira wa kiuno aliurudisha akaondoka.

Shangazi aliuchukua ule mpira, akaukunja, akaufunga kwa uzi.

'Unadhani sioni anavyogonga milango?' alisema kwa sauti ya chini. 'Nikinunua hiyo moja kwa bei yake, nyingine nane sitaziweza, furushi nalo bado limenizidi, na ufalme haufunguki kwa moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisomea. Nataka apate zote. Nipe muda, mwanangu. Hii ndiyo kazi ninayoijua.'

Nikarudi kazini kupokea simu za watu wenye mabomba yaliyopasuka. Nilikuwa nimekwenda na maneno yote na nikarudi sina hata moja, na bado sikuwa nimekubali.

Kisha duka likashusha kila kitu. Sijui kwa nini siku ile, sijui kwa nini kwa kiasi kile. Barua ilisema ni punguzo kubwa la msimu, na furushi lote la sehemu tisa limeshuka mpaka robo ya bei yake. Nilimpigia simu Shangazi. Nilisikia mashine zinaguguma nyuma yake, halafu zikanyamaza, bila shaka amewanyamazisha kwa mkono.

'Robo?'

'Robo, Shangazi.'

'Mwulize kama anaweza kuongeza kitu kidogo.'

'Shangazi.'

'Haya, haya. Nunua.'

Safu nzima ilipiga makofi, nilisikia kwenye simu. Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yangu, akaja nyumbani na fedha zimefundikwa kwenye pindo la kitambaa, akanihesabia mkononi mbele ya Baba ili aone. Shingo yake ilikuwa ndefu siku ile. Baba alimshika mikono yote miwili, akasema, 'Dada, wewe ni kiboko,' naye akacheka kama msichana.

Kupakua kulichukua mchana wote. Jioni, jua likiwa bado linapiga ukutani, Baba akakaa kwenye kiti chake. Shangazi akavuta kigoda nyuma yake, mimi nikasimama. Ufalme ukafunguka. Muziki ukaanza, ule wa ngoma za mbali na zumari tuliousikia kupitia ukuta kwa miaka sita.

'Wenyewe,' Baba alisema, na nilimwona akimeza mate.

Vidole vyake vilikumbuka. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kwa kasi ileile ya zamani, na mara mbili tatu nikajiambia kwamba niliogopa bure. Miezi ya kwenye mchezo ikapita. Bandari ikakamilika. Halafu kengele ikalia, na kwenye kona ya kioo, mbele ya mji mdogo wa pwani, kikatokea chombo chenye tanga jekundu, kikawa kinacheza juu ya maji.

'Imetoka,' Baba alisema. 'Ile pale. Dada, unaiona? Ile pale, naiona.'

Alikuwa anaionyesha kwa mshale wa kipanya. Mshale ulikuwa katikati ya milima, mbali kabisa na pwani, penye kahawia tupu. Nilijishika mdomo. Shangazi haujui mchezo, lakini kahawia na bluu anavijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

'Inapendeza,' alisema taratibu. 'Tanga lake unalionaje, rangi yake?'

'Jeupe,' Baba alijibu. 'Jeupe safi.'

Muziki ulikuwa unaendelea. Baba alikuwa anatabasamu mbele ya ile milima, na mimi nilijikuta nahesabu vitu visivyohesabika: je, mwezi ule wa kwanza angeona? Na kama ningelipia kwa siri? Na kama ile barua isingekuja kabisa? Sikufika popote, kila hesabu ilinirudisha nilikoanzia.

Shangazi aliinua kigoda chake akakiweka kando ya kiti cha Baba, bega kwa bega.

'Tangu lini?' aliuliza.

Baba hakujifanya hajaelewa. Mkono wake ulibaki juu ya kipanya. 'Katikati bado kuna mwanga kidogo,' alisema. 'Vitu vikubwa naviona. Hivi vidogo viliondoka zamani kidogo. Kabla bei haijapanda.'

'Na ukanyamaza.'

'Ulikuwa unashinda, dada.'

Uso wa Shangazi ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona, ukakunjamana wote kuelekea katikati, na machozi yakatoka bila sauti. Aliyaacha yatoke. Kisha akaushika mkono wa Baba, akaunyanyua kutoka kwenye kipanya, akaweka wa kwake.

'Dada, huujui mchezo huu.'

'Siujui. Nielekeze.'

'Unaona nini?'

'Naona maji. Maji mengi. Kuna hicho kimeli, tanga ni jekundu, si jeupe. Jekundu la damu ya mzee. Kuna kijani hapa pembeni, kijani kibichi, halafu kinapauka.'

'Huo ni mwambao. Meli imeelekea wapi?'

'Nitajuaje? Kichwa chake ni kipi?'

'Penye ncha.'

'Kote kuna ncha.'

Baba alicheka, kicheko cha kweli, na Shangazi akacheka pamoja naye huku anafuta pua kwa kiganja. Baba alimwambia abonyeze meli mara moja, kisha abonyeze majini, mbali na nchi kavu. Alibonyeza vibaya, meli ikazunguka ikarudi bandarini. Alibonyeza tena. Safari hii ikatoka, ikaacha mwambao nyuma, mpaka ikafika pahali ambapo bluu inakatika ghafla.

'Hapa pamekuwa peusi,' alisema. Alikuwa ameinama, uso wake karibu na kioo kama alivyozoea kufanya Baba. 'Peusi kabisa. Sioni kitu. Ni usiku, au nimeharibu?'

'Hujaharibu. Ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika.'

'Hata wewe?'

'Hata mimi.'

'Sasa nifanye nini?'

'Endelea tu,' Baba alisema. 'Na kila ukiona kitu, niambie.'